Mnaosema "usipokee namba usiyoijua", sisi tunaokula kwa simu mnatuambia nini?

Wakuu salaam. Leo nina hasira, mtanivumilia, uzi utakuwa mrefu.

Siku hizi ukigeuka huku ushauri ni ule ule, namba huijui usipokee. Redioni hivyo, kwenye magrupu ya ukoo hivyo, mtu akisema katapeliwa swali la kwanza anaulizwa "sasa namba huijui ulipokea ya nini?" Yaani aliyeibiwa ndo anahojiwa, mwizi yuko zake kwingine anapigia mtu mwingine. Mimi ni fundi friji na AC hapa Dar, kazi hii ndo inalipa kodi na ada, na nasema bila kuzunguka, huo ushauri wametoa watu ambao mwisho wa mwezi hela inaingia wapokee simu wasipokee. Mteja wangu mpya ni namba nisiyoijua. Wote walianza hivyo, hata hawa ninaowaita ndugu leo, siku ya kwanza walikuwa tarakimu tu kwenye kioo. Kuniambia nisipokee ni sawa na kumwambia mwenye duka afunge mlango kwa sababu mtaani kuna vibaka.

Namba yangu nimeiandika kwa rangi kwenye kuta za Mbagala mpaka Tandika, iko kwenye stika nyuma ya mafriji ya watu, iko kwa mama lishe, iko kwa wenye bucha. Na friji huwa halikupi taarifa kwamba kesho nazima. Kuna mama anauza samaki, friza lake lilizima usiku, simu yake ilikuwa haina chaji akaazima ya mlinzi wa duka la jirani akanipigia alfajiri kabla hata adhana haijaisha. Namba siijui, nikapokea. Nilipofika nikakuta relei ya kompresa imeungua, kitu kidogo kabisa, nikabadilisha friza likaanza kunguruma, samaki wakapona. Ule ulikuwa mtaji wake wote umelala mle ndani na nusu yake ni hela ya kikoba. Haya, hao wa "usipokee" wangemwambia nini yule mama?

Na siyo mafundi tu. Aliyeomba kazi, simu ya kuitwa interview inatoka kwenye namba gani kama siyo asiyoijua? Mzigo wako umetoka Mbeya, konda anakupigia kwa simu yake, akipiga mara mbili kimya anauacha stendi utajua mwenyewe. Mtoto yuko bweni haruhusiwi simu, akiugua anapiga kwa simu ya matroni. Bibi kijijini akiishiwa chaji anaazima ya mpita njia. Nchi hii watu tunaazimana simu, tunaishi hivyo, namba mpya mara nyingi ni mtu wako kabisa anahitaji msaada.

Sasa nije kwenye kinachonitoa povu leo.

Hawa watu wa mikopo ya mtandaoni. Mtu anapakua programu kwenye simu, anabanwa na shida anataka elfu hamsini ya haraka, programu inamuuliza unaruhusu nisome namba ulizosevu, anabonyeza ruhusu kwa sababu asipobonyeza hapati. Hapo hapo orodha yote ya simu yake imeondoka. Siku akichelewa kulipa wanaanza kupigia kila mtu aliyemo, na mimi nimo. Nimo kwenye simu za watu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, nimeseviwa "Fundi Friji", "Fundi AC", "Fundi wa Mama Nanii". Kwa hiyo kila mteja wangu wa zamani akikopa na kuchelewa, mimi napigiwa. Napigiwa na dada mwenye sauti kali hata salamu hana, "wewe ni mdhamini wa fulani, mwambie alipe leo kabla ya saa kumi la sivyo na wewe tunakuweka kwenye orodha". Mdhamini? Mtu nilimjazia gesi kwenye friji zamani huko, sijui hata jina lake la pili, nimemdhamini lini?

Wiki iliyopita niko juu ya ngazi, nyumba ya ghorofa, nimeshamaliza kupiga vakyumu naanza kuachia gesi kwenye AC, geji mkononi, simu inaita mfukoni. Namba mpya. Nikamwambia kijana wangu aitoe aniwekee sikioni maana inaweza kuwa kazi. Ni wao. Nikamwambia dada niko kazini sihusiki, akaanza matusi, matusi ya nguoni kabisa, mwenye nyumba amesimama pale chini anasikia kila kitu. Nikakata, akapiga kwa namba nyingine. Nikakata, namba nyingine tena. Mwenye nyumba ananiangalia kama mimi ndo nadaiwa. Baadaye nimeunganishwa kwenye grupu la WhatsApp nisilolijua, humo wameweka picha ya mdaiwa na kitambulisho chake, wameandika TAPELI kwa herufi kubwa, wameingiza shangazi zake, mchungaji wake, mwalimu wa mwanae na fundi friji. Mdaiwa mwenyewe ni mama mtu mzima mwenye heshima zake. Nilijisikia vibaya sana kwa niaba yake, nikatoka kwenye grupu, nikaingizwa tena.

Halafu mnasema hakuna wa kulaumiwa, ni maendeleo ya teknolojia. Wa kulaumiwa wapo. Benki Kuu yenyewe Novemba 2024 ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni, 69 wakuu, na miezi michache kabla ya hapo ilishatoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali. Google nao tangu mwishoni mwa Mei 2023 walikataza programu za mikopo kwenye duka lao kusoma namba na picha za mtu. Sasa kama zimekatazwa kote huko mbona mimi bado napigiwa? Kwa sababu wanabadilisha jina na rangi wanarudi, wengine wanakutumia linki upakue nje ya duka, na namba zetu walizokwisha kuzichukua hakuna aliyewalazimisha kuzifuta.

Na sheria ipo! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tume yake ipo. Namba yangu ya simu ni taarifa yangu. Mimi sijakopa, sijabonyeza ruhusu popote, sijasaini. Aliyebonyeza ni mtu mwingine, kwenye simu nyingine, na ruhusa yake haiwezi kuwa ruhusa yangu. Hili ndo jambo nataka watu walielewe, maana hata wanaojiita wajuzi humu wanajibu "usipakue hizo programu". Mimi SIJAPAKUA.

Wezi wa kawaida nao hawajapumzika. Wale wa "mimi mwalimu wa mwanao, kaanguka shule tumemkimbiza hospitali tuma hela ya vipimo", wale wa "nimekosea muamala nirudishie", wale wa huduma kwa wateja wa uongo, laini yako inafungwa bonyeza hivi na hivi unitajie namba uliyotumiwa. (Huduma kwa wateja ya kweli wanapiga kwa 100, akikupigia kwa namba ya kawaida kata usisikilize hata neno la pili.) Wale wa namba za nje wanabip mara moja wanakata ili upige wewe uliwe salio la kimataifa. Sisi mafundi tuna wetu maalum, anapiga mtu mwenye sauti nzito anajifanya afande wa kambi fulani, kuna tenda ya AC za ofisi nzima, anakutajia mpaka ukubwa wa mashine, BTU anazijua vizuri, halafu mwisho wa maongezi inakuja hela ya fomu. Jirani yangu wa aluminiamu kapigwa hivyo hivyo, yeye aliambiwa madirisha ya bweni.

Hapa nauliza swali tena kwa sauti. Si tulisajili laini kwa alama za vidole? Si tulipanga foleni NIDA tangu usiku, tukaambiwa mwisho Desemba 2019 ikasogezwa mpaka tarehe 20 Januari 2020, ambaye hajasajili laini inazimwa? Tulivumilia kwa sababu tuliambiwa utapeli utakwisha, kila laini itakuwa na mwenyewe. Sasa yule dada ana laini ngapi mpaka nikiblock moja anapiga na nyingine saa hiyo hiyo? Nani kamsajilia? Kila mtu anajua mchezo wa baadhi ya wale vijana wanaosajili laini kwenye miamvuli, unaambiwa "mama kidole hakijasoma, weka tena, weka tena", umeondoka na laini moja na yeye kabaki na laini mbili zenye jina lako. Piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, mwenye wazazi wazee awapigie na wao. Mama yangu mdogo tulikuta laini asiyoijua kabisa, hata mtandao huo hajawahi kuutumia.

Na ripoti za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, za mwaka 2024 zilikuwa zinataja mpaka mikoa, Rukwa na Morogoro ndo zinaongoza majaribio ya utapeli. Kama mkoa unajulikana, laini ina jina, jina lina alama za kidole, na hela iliyotumwa inatolewa kwa wakala mwenye meza na kiti, kinachokwamisha ni kitu gani? Tunaambiwa tutume namba ya tapeli kwenda 15040, sawa, nimetuma na nitaendelea kutuma na nyie tumeni. Lakini kuifungia laini peke yake haitoshi. Laini mpya ni bei ya soda. Huyo mtu mwenyewe kakamatwa?

Kuna upande mwingine hamuufikirii. Mimi nikimpigia mteja, mimi ndo namba isiyojulikana. Kapewa namba yangu na rafiki yake, kanitumia meseji ya eneo, nimepanda bajaji na mtungi wa gesi mpaka Mbezi huko ndani ndani, niko getini, mlinzi anasema hana taarifa mpigie mwenyewe. Napiga haipokelewi. Kabadilisha laini au kaacha simu kwa mkewe, na mkewe kaambiwa asipokee namba ngeni. Nasimama juani nusu saa na nauli yangu nimeshalipa, nageuza. Jioni ananipigia "fundi mbona hukuja?" Na nimekuja kugundua kwenye ile programu ya kutambua wapigaji, namba yangu mtu kaiwekea alama ya usumbufu. Nadhani ni kwa sababu napigia wateja kuwakumbusha sevisi. Kwa hiyo simu yangu ikiita kwa mtu inaingia na rangi nyekundu kama ya tapeli. Miaka yote ya kujijengea jina, kwa mtu asiyenijua mimi na yule dada wa matusi tunafanana. Hiyo hasara nani atanilipa?

Ndo maana nakataa huu ushauri. Kila mtu akiacha kupokea, tapeli anahamia kwenye meseji na maisha yake yanaendelea, anayekufa njaa ni fundi, dalali, boda, dada wa keki, kijana anayesubiri kuitwa kazini. Msitutupie sisi mzigo wa kuchuja simu wakati waliochukua namba zetu bila idhini wanajulikana kwa majina ya programu zao na waliosajili laini hewa wana namba za uwakala.

Namba yangu sibadilishi, nimechoka kuambiwa "si ubadilishe laini". Hiyo namba iko kwenye kuta, iko nyuma ya mafriji, kuna wateja wangu wa zamani wanaijua kwa kichwa. Abadilishe yeye anayepiga.

Ninachotaka kwenye huu uzi ni kitu kimoja. Kuna mtu humu amewahi kupeleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi siyo kama mkopaji, kama mtu ambaye namba yake ilichotwa kwenye simu ya mwingine? Ulianzia wapi, ulijaza nini, walikujibu baada ya muda gani, wale jamaa waliacha kupiga? Mimi nimeshahifadhi screenshot za lile grupu, orodha ya namba zote zilizonipigia na saa zake, na rekodi ya matusi yaliyofuata ninayo maana baada ya ile siku ya ngazi simu yangu nimeiweka irekodi yenyewe. Kama kuna mwanasheria humu anasema ushahidi huo unatosha au haunitoshi aandike hapa hapa wote wasome, asinifuate inbox, kwa sababu najua siko peke yangu.