Mjadala: Ni halali kuuza mashine ya muziki ambayo programu yake bado inapikwa?

Biti za Temeke (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Nina donge rohoni, naombeni tulijadili kiutu uzima.

Mwaka jana nilijichanga miezi saba nikanunua kisanduku cha kutengenezea biti. Jina la kampuni naliacha, sitaki kesi. Ndugu alinibebea kutoka Ulaya, amekizungushia masweta kama kichanga. Usiku uleule nikakifungua, hata nailoni ya juu ya vitufe sijaibandua. Kipo kitufe kimoja kimechorwa kabisa kwa wino mweupe, kazi yake ni kuunganisha vipande viwe wimbo mzima. Hicho ndicho kilichonitoa hela mfukoni. Nikakibonyeza. Kioo kikaniandikia kwamba huduma hii itakuja kwenye toleo lijalo.

Sasa ni mwezi wa kumi na moja tangu nikinunue, na toleo hilo halijaja. Nikipiga shughuli nabadilisha vipande kwa kidole, na wapigaji wa singeli mnanielewa: mwendo wa 200 kwa dakika na zaidi, kidole kikichelewa kidogo tu, mwenye shughuli kashageuka kukuangalia.

Msimamo wangu ni huu: kisichofanya kazi siku ya kuuza kisitajwe kwenye tangazo, na wala kisichorwe kwenye mwili wa mashine. Vinginevyo ni mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenyewe limeandikwa "mbuzi atafuata". Naomba kuwasilisha.

Kinanda Mkongwe

Pole kijana. Ila usidhani watengenezaji wa zamani walikuwa malaika. Kinanda cha Yamaha DX7 kilitoka mwaka 1983, mwaka uleule MIDI ilipoanza kuvifanya vinanda vya kampuni tofauti vielewane. Ile DX7 ya kwanza ilituma MIDI kwenye chaneli namba 1 tu kati ya 16, basi. Ugonge kitufe kwa hasira zako zote, namba ya nguvu inayotoka nje haifiki 127, ambayo ndiyo ya juu. Ukiiunganisha na chombo kingine, kile kingine kinasikika kimepoa. Dawa yake ni kufungua mashine na kubadilisha chipu, na nani alikuwa na chipu? Tulikizoea kinanda kilivyo, kama mke wa kuchaguliwa na wazee. Nyie mnapakua faili mashine inapata akili mpya, halafu mnalia.

Biti za Temeke

Shikamoo mzee. Nina swali moja. Kwenye hiyo DX7 kulikuwa na kitufe ukikibonyeza kinakwambia njoo kesho?

Kinanda Mkongwe

Marahaba. Hapana, hicho hakikuwepo.

Muuza Vyombo Kkoo

Niseme la upande wetu wa kaunta, maana mnawapiga makampuni mnajisahau wenyewe. Duka langu lina mashine ya miaka mitatu nyuma. Imekamilika, kila kitufe kinafanya kazi, mafunzo yake yamejaa mtandaoni, na bei imeshuka. Inapigwa vumbi. Mteja anaingia ameshika simu, ananionyesha video ya kitu kilichotangazwa juzi, hata bei yake bado. "Bro, hii utaleta lini?" Namwambia chukua hii iliyokomaa, ananiangalia kama nimemtukana.

Kampuni inajua. Kuna maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM kule Anaheim, Marekani, kuna Superbooth Berlin. Ukifika na meza tupu, waandishi wanaipita. Kwa hiyo wanapeleka kilichopo.

Kipaza wa Tanga

Mbona mnaongelea sasisho kama la bure? Mimi nilipokea tangazo la toleo jipya, nikafurahi. Kwanza nikaazima kompyuta, maana programu ya kusasishia haikutaka simu. Nikanunua bando. Faili likashuka saa nzima. Nikachomeka waya, mstari ukaanza kujaa kwenye kioo: 10, 30, 60... fyu! Umeme. Kompyuta yenyewe betri yake ilishakufa zamani, inaishi kwa ukuta. Mashine ikabaki kioo cheusi. Fundi wa kwanza akasema ubao umeungua, wa pili akagundua kuna namna ya kuiwasha huku umeshika vitufe viwili ikaanza upya. Wiki mbili bila kazi, na shughuli moja nikamwachia mwenzangu. Hilo ndilo sasisho la bure.

Binti Msimbo

Mimi naandika programu za vifaa. Si vya muziki, ni mita za maji, lakini jiko ni lilelile. Nitawatetea wenzangu kidogo, halafu nitawageuka.

Mashine ina mifupa na akili. Mifupa ni chipu, ubao, kasha, vitufe. Hivi vinaagizwa miezi mingi kabla, unalipia kiwanda, na nafasi yako kiwandani ikipita umeikosa. Oktoba 2020 kiwanda cha AKM kule Nobeoka, Japani, kiliungua. Kilitengeneza chipu za kugeuza sauti kuwa namba na namba kuwa sauti, na kampuni nyingi za vyombo vya muziki zilizitegemea. Wengine ikabidi wachore ubao upya kwa chipu za kampuni nyingine, na programu iliyoandikwa kwa ajili ya chipu ya kwanza ifuate. Ukiwa na makasha 5,000 ghalani na mishahara ya mwisho wa mwezi, unaanza kuuza. Kitufe nacho lazima kichorwe mapema, kwa sababu huwezi kutoboa tundu jipya kwa faili la kupakua. Kitufe cha mwenzetu wa Temeke sidhani kilichorwa kwa hila. Aliyekichora aliamini akili itawahi kufika.

Nawageuka hapa: aliyekichora anaamini, lakini aliyeandika tangazo anajua. Siku ya kuuza, ratiba ya kazi iliyobaki iko mezani kwake. Angalieni kampuni ya Elektron ya Sweden na mashine yao ya ngoma, Digitakt ya 2017. Iliuzwa kwa ahadi ya Overbridge, yaani programu ya kufanya waya mmoja wa USB upeleke kila njia ya sauti kivyake kwenye kompyuta. Watu wakanunua kwa sababu hiyo. Mwaka ukapita na zaidi ndipo likaja toleo la majaribio. Na ni mashine nzuri sana hiyo, sibishi.

Mlalahoi Studio

Dada umechagua mfano mmoja. Chukua mashine ya biti ya Roland, SP-404MKII. Ilitoka 2021, na 2022 ikaja programu mpya ya bure iliyokuruhusu kupanga ngoma hatua kwa hatua kama zile mashine zao za ngoma za TR za zamani. Mimi nilinunua bila hiyo, sikuihitaji, nikaipata kama zawadi. Mngeshinda nyie, kampuni ingesubiri hadi kila kitu kiishe, na mimi ningekuwa bado napiga makofi kwenye kipaza sauti. Mashine inakua na wewe. Kwa nini hilo ni kosa?

Biti za Temeke

Mkuu, wewe mwenyewe umesema: zawadi. Hukuahidiwa, hukulipia, ikaja. Nani atalalamikia zawadi? Mimi nimelipia kitu, nimepewa risiti, kitu hakipo. Hayo mawili mnayachanganya makusudi.

Mlalahoi Studio

Siyachanganyi. Nasema hujui kusoma. Kabla ya kununua unaangalia wanaoitumia wanasema nini, siyo unaangalia picha ya kitufe.

Biti za Temeke

Nilinunua wiki ya kwanza. Wanaoitumia walikuwa akina nani?

Mlalahoi Studio

Sasa hapo ndugu yangu ulijitakia. Wiki ya kwanza!

Mjomba wa Hamburg

Hapa mimi ndiye mbebaji wenu, kila mwaka begi langu linakuja na vikorokoro vya wapwa. Ukinunua mtandaoni huku Umoja wa Ulaya una siku 14 za kurudisha bila kueleza sababu. Na tangu 2022 kuna kanuni kwamba kifaa chenye programu ndani yake lazima kilingane na yale muuzaji aliyoyasema, programu ikiwemo. Kwa hiyo Mjerumani akikuta kitufe cha njoo kesho, anafunga boksi anarudisha, kahawa yake haijapoa.

Mpwa wangu haki hiyo anaikosaje? Naagiza Machi kwa sababu bei imeshuka. Boksi linakaa chini ya kitanda changu hadi Julai nipate likizo. Anapokuja kulifungua Dar, zile siku 14 zilishakwisha kwenye uvungu. Siku hizi nalifungua mwenyewe, nabonyeza kila kitufe na sijui muziki hata kidogo. Mke wangu ananicheka.

Luthuli Kijana

Niko Nairobi. Kwetu Katiba yenyewe, Ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji. Tuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012. Karatasi iko sawa kabisa. Lakini enda Luthuli Avenue, mtaa wetu wa maduka ya elektroniki, na mashine yako umwambie muuzaji kitufe kimoja hakifanyi kazi. Atakuuliza: inawaka? Inatoa sauti? Basi ni nzima. Na ukiangalia vizuri, hana makosa, yeye hakuandika hiyo programu.

Muuza Vyombo Kkoo

Asante Luthuli. Mimi risiti yangu imeandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Siyo roho mbaya. Nikirudishiwa mimi, namrudishia nani? Ushuru na VAT ya 18% nilishalipa.

Kinanda Mkongwe

Nimewasoma wote. Nirekebishe kauli yangu ya mwanzo. DX7 ilikuwa na mapungufu, lakini siku ya kwanza na siku ya mwisho ilikuwa chombo kilekile, kwa hiyo tuliyajua hadi ukucha na tukapigia humohumo. Kinachonichosha kwa vijana wangu wa bendi ni kwamba hawajifunzi mashine. Ukimwambia fanya hivi, anasema hiyo wataileta kwenye sasisho. Anasubiri. Mazoezi yanasubiri. Mimi nasimama pale na mikono juu ya kinanda kama imamu anayesubiri safu zijipange.

Kipaza wa Tanga

Mzee umenichekesha, na ni kweli tupu.

Binti Msimbo

Kuna njia ya tatu hamjaigusa: kampuni ikishindwa, ifungue mlango. Synthstrom wa New Zealand, wenye ile mashine ya Deluge, 2023 waliachia msimbo wake, yaani maandishi ya programu, wazi kwa yeyote. Tangu hapo watumiaji wenyewe wanaongeza mambo. Na kabla ya hapo kuna mashine ya biti ya MPC1000 ya Akai: mtu mmoja Japani, nje ya kampuni, aliiandikia mfumo mwingine kabisa, JJ OS, akawa anauuza. Watu walilipa kwa furaha, kwa sababu kile walicholipia kilikuwepo tayari. Temeke, kampuni yako ingefanya hivyo, kitufe chako kingeshaandikiwa na kijana mmoja asiyelala.

Mlalahoi Studio

Au kingeua mashine nzima.

Binti Msimbo

Inawezekana. Ila angekuwa ameua bure, bila tangazo.

Biti za Temeke

Nimelainika kidogo, siyo sana. Mafundi nawaondoa kwenye lawama. Muuza Vyombo naye simdai. Kununua wiki ya kwanza ni ujinga wangu, Mlalahoi hapo umenishika. Ila aliyeandika tangazo simwachii. Aandike vilivyopo leo, na chini yake, kwa herufi ukubwa uleule, aandike vinavyotarajiwa, ili nijue nalipia kipi. Hilo tu, wala halihitaji chipu kutoka Japani.

Mimi nimeshachoka, nakiuza. Kisafi, boksi lipo, nailoni ya vitufe bado ipo.

Kipaza wa Tanga

Unasema unakiuza? Bei gani?

Biti za Temeke

Laki tisa. Kitufe cha wimbo kinakuja karibuni, wamesema.

Kipaza wa Tanga

Mkuu!! Laki sita, na hicho kitufe usikitaje.