Pawasapulai ya 24 V, wati 150: je, saketi yake ni Daraja la 2?

MtepeLED
Habari wakuu. Nafunga utepe wa LED wa 24 V, mita 10, kila mita inakula wati 14.4. Pawasapulai ni ya wati 150, na kibandiko chake kina alama ya mraba ndani ya mraba. Nafuata NEC, kanuni za umeme za Marekani. Kwa kuwa volti ni ndogo, saketi hii ni Daraja la 2 (Class 2), yaani ile ambayo nguvu ya chanzo chake imewekewa kikomo kwa ajili ya usalama? Na waya wa 24 V naweza kuupitisha bomba moja na nyaya za 120 V? Nafasi ipo tele.

Kikomo100
Hapana kwa yote mawili, mkuu.

Huo mraba maana yake ni insulesheni maradufu, inayoitwa "Class II". Hausemi lolote kuhusu nguvu inayotoka. Majina yanakaribiana, ndiyo maana wengi wanajichanganya hapo. Tafuta maandishi "Class 2" yenyewe.

Daraja linatokana na chanzo, si volti peke yake. Kwa 24 V kikomo ni VA 100 (volti mara ampea), yaani ampea 4 na kidogo. Kwa 12 V kikomo ni ampea 5, ndiyo sababu pawasapulai za 12 V za daraja hili huishia wati 60. Yako inatoa ampea 6 mfululizo. Kiungo kikilegea, kinaweza kuchemka mpaka plastiki iyeyuke, na pawasapulai ikaona ni mzigo wa kawaida tu. Ukiweka fyuzi ya ampea 4 utalinda waya, lakini chanzo hakigeuki kuwa Daraja la 2.

Tumia pawasapulai mbili za wati 96 zenye maandishi "Class 2". Kata utepe katikati: kila upande mita 5, wati 72, ampea 3.

MtepeLED
Nikiziunganisha pamoja kwenye nyaya zao za kutoa umeme, si nitapata wati 192 bila kukata utepe?

WayaMbili
Usifanye hivyo. Shoti ikitokea, zote mbili zitailisha, na kikomo kimekufa. NEC inakataza, isipokuwa pawasapulai zimethibitishwa kuunganishwa hivyo. Kata utepe kabisa, uache mwanya, chanya ya upande mmoja isiguse ya mwingine.

Kuhusu bomba, nafasi siyo hoja. Insulesheni ya waya wa 120 V ikichubuka wakati wa kuvuta, umeme huo unahamia kwenye utepe ambao mtu anaushika kwa mkono. Pitisha kebo ya CL2 (aina ya kebo za Daraja la 2) peke yake, umbali wa milimita 50 kutoka nyaya za umeme mkubwa, na usiifunge kwenye bomba lao kama kishikizo. Ikipanda kutoka ghorofa hadi ghorofa, CL2R. Kwenye nafasi ya kupitishia hewa ya kiyoyozi, CL2P.

Unene nao uangalie. Kebo ya mita 8 ya 0.75 mm² kwa ampea 3 inapoteza takriban 1.1 V, na mwanga utafifia. Kwa 1.5 mm² ni kama 0.56 V.