Mjadala: Mwenye karavani aende na mwendo wa wenzake, au awekewe kikomo chake?

Mtoa mada

Wadau, naomba tulijadili hili kwa uzito wake. Unavuta karavani, ile tela yenye kitanda na jiko ndani, kwenye barabara kuu ambayo magari madogo yameruhusiwa kilomita 110 au 120 kwa saa. Uende kwa mwendo gani? Na je, sheria ikuwekee kikomo chako peke yako, au ikuachie uamue mwenyewe?

Nchi zenyewe hazijakubaliana. California, gari lolote linalovuta tela halitakiwi kuzidi maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88, ilhali yapo majimbo mengi ya Marekani ambako mwenye tela anafuata kibao kilekile cha wengine. Uingereza ni maili 60 kwenye barabara kuu za njia nyingi, na 50 kwenye barabara ya kawaida. New Zealand ni kilomita 90. Ujerumani ni 80, na ukitaka 100 kwenye barabara zao kuu lazima kwanza utimize masharti. Vuka mpaka uingie Ufaransa: kama uzito ulioidhinishwa wa gari na tela kwa pamoja hauzidi tani 3.5, unaruhusiwa hadi 130 kama gari dogo. Tela ni ileile, tairi ni zilezile, kibao ndicho kilichobadilika.

Msimamo wangu ni kwamba kikomo tofauti kiwepo na kisizidi 100. Mimi mwenyewe naenda 90, na nina sababu. Siku moja nilikuwa nateremka mteremko mrefu, barabara kavu, hali ya hewa shwari. Familia yote imo ndani ya gari. Nyuma kabisa ya karavani nilikuwa nimefunga baiskeli nne. Sikuongeza mafuta hata kidogo, mteremko wenyewe ndio ulionisogeza kutoka 90 hadi 105. Basi kubwa likanipita. Nilihisi usukani umekuwa mwepesi, halafu kwenye kioo nikaona karavani imeingia njia ya pili, ikarudi, ikaingia tena, na kila mara inakwenda mbali zaidi. Niliachia mafuta, nikashika usukani bila kuugeuza, na pale mteremko ulipoisha ikatulia. Zilikuwa sekunde chache tu. Mke wangu hakusema neno mpaka tuliposimama.

Mpinzani

Pole sana kwa yaliyokukuta, ndugu. Lakini kisa chako ni cha mzigo uliopangwa vibaya. Ulifunga baiskeli nne mkiani, ukaja kulaumu spidi.

Hatari ninayoiona mimi ni tofauti ya mwendo. Wote wakienda 115 na wewe uko 85, kila gari linakukuta kama ukuta unaotembea. Anayekuja nyuma anashtuka, anahama njia ghafla, na wa nyuma yake naye anashtuka. Tangu mwaka 1964 mtafiti David Solomon wa Marekani alionyesha kwamba magari yaliyokwenda mbali na mwendo wa wastani, ya haraka na ya polepole, yalihusika kwenye ajali zaidi kuliko yale yaliyokuwa karibu na wastani. Kwa hiyo mnaposema "nenda polepole uwe salama", mnamaanisha usalama wa nani?

Halafu kikomo kimoja kwa wote hakina haki. Tela ya kilo 700 nyuma ya gari la tani mbili na nusu siyo sawa na karavani ya tani mbili nyuma ya gari la tani moja na nusu. Kwa nini wote waambiwe 90?

Mtoa mada

Nakubali kuhusu baiskeli. Zile ziliniponza na sijawahi kuzifunga pale tena. Lakini mzigo uleule ulikuwa mkiani kwa saa tatu kabla ya hapo, nikienda 90, na tela haikutikisika. Kila gari na tela yake vina mwendo wao wa hatari. Chini ya mwendo huo, tela ikisukumwa na upepo itayumba mara mbili tatu kisha itulie yenyewe. Juu yake, kila mpigo wa mkia unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia, hata dereva asipofanya lolote. Mzigo mbaya unaushusha mwendo huo, mzigo mzuri unaupandisha, ila hauondoki. Tena hakuna saa kwenye dashibodi inayokuambia uko wapi. Unaujua ukishauvuka.

Kuhusu Solomon, tuusome wote. Takwimu zake zilikuwa na magari yaliyopunguza mwendo kwa sababu yanakata kona au ndiyo kwanza yanaingia barabarani. Watafiti waliofuata walilionyesha hilo: sehemu kubwa ya hatari ya "wa polepole" ilitoka hapo. Dereva anayekwenda 90 bila kubadilika, upande wake wa barabara, vioo vikiwa wazi na taa za nyuma zinawaka, ni mtu mwingine. Na hayuko peke yake. Katika Umoja wa Ulaya malori makubwa yamefungwa vidhibiti mwendo visivyoruhusu kuzidi 90. Ukienda 90 pale unakwenda na malori, na kila dereva anajua malori yako wapi.

Kingine ni kusimama. Tuchukue dereva anayetumia sekunde moja na nusu kabla breki hazijashika, na gari na tela vinapunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde, kila sekunde. Akiwa 90 anasimama kwenye mita 100. Akiwa 110 anahitaji mita 139. Sasa fikiria kuna gari limekwama mita 100 mbele. Wa kwanza amesimama limebaki kugusana. Wa pili anapofika hapohapo bado yuko kwenye kilomita 71 kwa saa, na nyumba nzima inamsukuma kutoka nyuma.

Fundi tairi

Wakuu, mmezungumza yote mkasahau kinachogusa barabara. Nimefungua tairi nyingi za karavani zilizopasuka, na wenyewe karibu wote wanasema "lakini ilikuwa na kashata nzuri". Kashata, yale meno ya tairi, haina maana yoyote hapo. Karavani inakaa imeegeshwa miezi minane bila kutembea, mpira unazeeka kwa jua na kwa uzito, halafu siku moja inabebeshwa mzigo wote na kukimbizwa 115 kwenye lami ya moto.

Angalieni herufi ya mwisho ubavuni mwa tairi, baada ya namba ya uzito. J ni kilomita 100 kwa saa. K ni 110, L ni 120, M ni 130. Tairi za tela za Amerika Kaskazini zenye alama ST kwa miaka mingi zilitengenezwa kwa maili 65, kama kilomita 104, isipokuwa kama ubavu wenyewe umeandikwa vingine. Kuna watu wanavuta kwa 115 na tairi ya J. Gari linaweza, injini inaweza, breki labda zinaweza. Tairi imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba haiwezi.

Na upepo. Tairi yenye upepo pungufu inajikunja kila inapozunguka, kujikunja kunazaa joto, na joto ndilo linaloachanisha nyuzi ndani. Ukiongeza spidi inajikunja mara nyingi zaidi kwa dakika na haipati nafasi ya kupoa. Ipimeni asubuhi kabla hamjaondoka, ikiwa baridi. Msipime kituo cha mafuta baada ya saa mbili za barabara halafu mkaipunguza kwa sababu mnaona imezidi. Hilo nalo nimeliona.

Dereva wa masafa

Mimi naendesha semi, kwa hiyo ndiye yule mnayemwogopa anapowapita. Niseme jinsi inavyokuwa. Lori likikaribia, hewa inayosukumwa na pua yake inaisukuma karavani kando. Lori likishafika ubavuni, karavani inavutwa kulielekea. Vinafuatana kwa haraka, na dereva mgeni anajibu kwa usukani mara mbili, tena amechelewa mara zote mbili. Huko kuyumba, tunakokuita mkia, kunaanzia hapo.

Ndugu mpinzani ana neno la kweli. Mwenye karavani akienda 70 kwenye barabara ya 110 ananisumbua sana, hasa kama hakuna njia ya pili na nyuma yangu kuna msururu wa magari ishirini. Watu wenye hasira wanaovateki penye kona. Ukiona msururu umekuwa mrefu, ingia pembeni mahali salama wapite, itakuchukua dakika mbili.

Lakini 110 sikubali. Mimi nina breki za upepo kwenye kila ekseli, nina leseni ya daraja lake, nafanya hii kila siku, na bado nimefungwa 90. Mtu anayevuta mara mbili kwa mwaka anataka 110 kwa sababu gari lake lina nguvu. Nguvu ya kuvuta haijawahi kuwa tatizo la mtu yeyote niliyemkuta amelala ubavu kwenye mtaro.

Ninachopendelea ni utaratibu wa Kijerumani. Msingi ni 80. Unataka 100? Tela yako ipate kibali, tairi zisizidi miaka sita na ziwe za herufi L au zaidi, gari linalovuta liwe na breki za kuzuia tairi kujifunga, na uzito wa tela usizidi kiwango fulani ukilinganishwa na wa gari. Hapo hata lalamiko kwamba wote wanatendewa sawa linakufa, kwa sababu anayejiandaa anapewa zaidi.

Mtoa mada

Hilo la masharti linanishawishi, mzee. Nilianza na kikomo kimoja kwa wote, na sasa naona 100 iwe ya kustahili, isiwe ya bure. Naongeza sharti moja: uzito unaokandamiza kiungio, pale tela inapoungana na gari, upimwe. Marekani wanashauri asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela ikae kwenye kiungio, Uingereza asilimia 5 hadi 7. Ukiwa mwepesi mno pale mbele, tela inataka kuongoza yenyewe. Baiskeli zangu zilifanya hivyo hasa: ziliinyanyua pua.

Mama wa watatu

Naomba kuuliza, nyie mliobobea. Mume wangu akichoka mimi ndiye nashika usukani. Mkia ukianza, nifanye nini? Nimeambiwa na watu wawili niongeze mafuta ili gari liivute tela inyooke. Na mwendo wa 90 utatuchelewesha kiasi gani? Watoto wakikaa sana wanaanza kupigana.

Dereva wa masafa

Dada yangu, usiongeze mafuta. Hata kama kuongeza kunainyoosha kwa sekunde moja, umezidi kusogea kwenye ule mwendo wa hatari aliousema mtoa mada, na hujui mbele kuna nini. Ondoa mguu kwenye mafuta. Shika usukani kwa mikono miwili uelekee mbele, usijaribu kufukuzana na mkia. Kama tela yako ina breki za umeme na kitufe chake kiko karibu nawe, bonyeza breki ya tela peke yake taratibu, itaivuta nyuma na kuinyoosha. Breki ya gari usiikanyage kwa nguvu, gari likisimama mbele tela inakuja ubavuni.

Muda ni hivi: kilomita 400 kwa 110 bila kusimama ni saa 3 na dakika 38. Kwa 90 ni saa 4 na dakika 27. Tofauti ni karibu dakika 49. Ukianza safari mapema kidogo umezirudisha, na mafuta utakayookoa ni mengi, maana ukuta wa mbele wa karavani unapigana na hewa, na ukinzani huo unaongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo.

Mpinzani

Nimesoma yote. Nimeenda nje kuangalia tairi zangu: ni K, na tarehe ubavuni inaonyesha zina miaka saba. Nimekuwa nikienda 115. Zinabadilishwa kabla sijatoka tena, na mizani ya kiungio nitaazima.

Bado sikubaliani na sheria ya 80 kwa wote. Kwenye barabara pana, tambarare, isiyo na upepo, naona ni chini mno na inawazoesha watu kuipuuza. Kwa masharti, 100, naikubali. Nitakachobaki nakipinga ni adhabu kwa mtu aliyefika 105 kwenye mteremko kwa sababu ya uzito wa tela. Huyo hakukusudia.

Mtoa mada

Ndugu, hapo kwenye mteremko ndipo ningekuwa mkali zaidi. Hata mimi sikukusudia. Gia inashushwa kileleni, kabla gari halijaanza kuteremka, ili injini ilishike tangu mwanzo. Ukingoja mpaka sindano ifike 100 ndipo ukumbuke gia, umechelewa, na breki utakazozikanyaga zitakuwa zinapata moto huku tela inakusukuma. Siku ile nilikiona kibao cha mteremko, na kilikuwa kimeandikwa ni wa kilomita sita. Nilikisoma, nikaendelea na gia ileile.

Mama wa watatu

Asanteni. Ngoja nimwite baba watoto aje asome hapo kwenye gia.