Tupeane uzoefu: kumpata mshauri wa kodi anayeijua kazi ukiwa ughaibuni

Tarakimu
Wakuu, msimu wa ritani ukikaribia watu wa ughaibuni huulizana swali lile lile: nani anamjua mtu wa kodi? Jina linatajwa, namba ya simu inapita mkono kwa mkono, na hakuna anayeuliza huyo mtu ana leseni ya nani. Tuweke hapa tunayoyajua, mahususi.

Naanza na Marekani, maana mtego wake ni mpana. Raia wake, au mwenye kadi ya kijani, mapato yake yakifika kiwango kilichowekwa, anatakiwa kupeleka ritani hata akiishi nje miaka 20. Anayejiita mtaalamu wa kodi hiyo muulize yeye ni yupi kati ya hawa: wakili, CPA, yaani mhasibu mwenye leseni ya jimbo, au EA, yaani wakala anayetambuliwa na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani; wengi wa hao EA wamefaulu mtihani wa sehemu tatu. Hao ndio wanaoweza kusimama mbele ya IRS kwa niaba yako katika jambo lolote la kodi. PTIN si sifa. Ni namba ya utambulisho tu, kila anayelipwa kuandaa ritani lazima awe nayo, na haina mtihani. Watu wanaonyeshwa PTIN wanadhani wameona leseni. CPA mtafute kwenye bodi ya jimbo lililompa leseni, uone kama leseni iko hai na kama aliwahi kuadhibiwa.

Risiti Zote
Hapo kwenye PTIN ndipo watu wanapoliwa. Naunga mkono.

Kofia Mbili
Nchi nyingine zina desturi tofauti kabisa, na mtu akihama na mazoea ya kule alikotoka anapotea. Ujerumani cheo cha Steuerberater, yaani mshauri wa kodi, kinalindwa na sheria, na kutoa ushauri wa kodi kwa malipo bila idhini ni kosa. Zipo pia jumuiya za kusaidia waajiriwa, Lohnsteuerhilfeverein, unalipa ada ya uanachama kwa mwaka. Ni nafuu, lakini zina mpaka: ukiwa na mapato ya biashara au kazi ya kujiajiri, haziruhusiwi kukuandalia ritani.

Uingereza jina la "mshauri wa kodi" halilindwi hivyo. Yeyote anaweza kulibandika mlangoni. Kwa hiyo kule unatafuta uanachama: CIOT au ATT kwa watu wa kodi, ICAEW au ACCA kwa wahasibu. Hiyo ina maana ana mafunzo, ana bima ya makosa ya kikazi, na pana mahali pa kumshtaki akiharibu. Mtafute kwenye orodha ya chama chenyewe, usitosheke na nembo aliyoiweka kwenye karatasi zake.

Mpita Njia
Mnatisha watu bure. Kanuni ni moja dunia nzima: ukikaa chini ya siku 183 hudaiwi. Mshauri wa nini?

Kofia Mbili
Ndugu yangu, hiyo 183 imeumiza watu wengi. Uingereza tangu 6 Aprili 2013 wana kipimo chao cha ukaazi. Aliyekuwa mkazi ndani ya miaka mitatu iliyopita anaweza kuhesabiwa mkazi kwa siku 16 tu, akiwa na viunganishi vinne: familia, nyumba, kazi, na kadhalika. Akifika siku 46 vinatosha vitatu, akifika 91 viwili, akivuka 120 kimoja. Marekani nao kwa asiye raia hujumlisha siku za mwaka huu, theluthi ya mwaka jana na sehemu ya sita ya mwaka juzi. Siku 122 kila mwaka kwa miaka mitatu inakupa 183 kamili, na umeshaingia. Ujerumani nyumba unayoishikilia kwa namna inayoonyesha utaendelea kuitumia inatosha, hata siku ziwe chache.

Mpita Njia
Hiyo ya Ujerumani sikubali. Mtu ana chumba tu kaacha vitu vyake.

Kofia Mbili
Chumba kilichofungwa ukakabidhi ufunguo ni jambo moja. Chumba ambacho ufunguo uko mfukoni mwako na unalala humo kila ukienda ni jambo jingine. Tofauti hiyo ndiyo kazi ya mshauri. Na akikwambia "183, basi" bila kuuliza hata swali moja kuhusu nyumba na familia, mshukuru uondoke.

Mwana Daftari
Nyongeza hapo. Nchi mbili zikikudai ukaazi kwa wakati mmoja, na kuna mkataba wa kuepuka kutozwa kodi mara mbili kati yao, mikataba mingi inafuata mpangilio wa Kifungu cha 4 cha mkataba wa mfano wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi: kwanza makao ya kudumu yako wapi, kisha kitovu cha maslahi ya maisha yako, kisha unakoishi kwa mazoea, kisha uraia. Muulize mshauri akupitishe hatua hizo kwa hali yako. Aliyezifanyia kazi atakujibu papo hapo na atakuuliza kuhusu watoto wanasoma wapi. Asiyezijua atasema atakutumia baadaye.

Bi Karani
Hili la mhasibu asiyetosha limenikumbusha kesi ya Bittner, na naomba mnivumilie niieleze yote, maana wengi huishia kwenye kiasi cha faini.

Bittner alizaliwa Romania, akahamia Marekani 1982, akaosha vyombo, akafanya kazi ya fundi bomba, 1987 akapata uraia. 1990 akarudi Romania, biashara ikamnyookea. Hakujua kwamba raia wa Marekani mwenye akaunti nje, jumla ya salio ikivuka dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, anatakiwa kupeleka ripoti iitwayo FBAR. Hata kama hadaiwi senti ya kodi. Alipojua, akafanya ambalo kila mmoja wetu angefanya: akaajiri mhasibu. Ripoti zikaandaliwa, zikapelekwa. Kumbe, kwa maelezo ya serikali, hazikutaja akaunti zote. Akaajiri mhasibu mwingine, zikaandaliwa upya, kila akaunti kwa undani wake, miaka mitano, 2007 hadi 2011.

Serikali haikusema alificha kwa makusudi. Ilihesabu tu. Mwaka mmoja akaunti 61, mwingine 51, na kuendelea, jumla 272. Ikamtoza dola 10,000 kwa kila akaunti. Dola milioni 2.72.

Yeye akasema sheria inahesabu ripoti, si akaunti: ripoti tano, dola 50,000. Mahakama ya rufaa ikaipa serikali ushindi. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 28 Februari 2023 majaji watano dhidi ya wanne wakasema ni kwa ripoti. Fikirieni, jaji mmoja tu angegeuka.

Risiti Zote
Milioni 2.72 na hakuna aliyesema aliiba kitu. Subhanallah.

Mpita Njia
Lakini mtu mwenye akaunti 60 si mtu wa kawaida. Mwenye akaunti tatu asitishwe na kesi hiyo.

Bi Karani
Mpita Njia, mwenye akaunti tatu anabanwa na sharti lile lile. Akaunti ya mshahara, ya akiba, na ile ya chama ambayo wewe ni mmoja wa watia saini, zote zinahesabiwa, hata kama fedha za chama si zako. Hiyo ya kutia saini ndiyo washauri wasio na uzoefu huisahau kuuliza. Na kile kikomo cha dola 10,000 cha adhabu sasa hupandishwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei.

Tarakimu
Na FBAR haiendi IRS pamoja na ritani. Inapelekwa peke yake, kwa mtandao, kwenye mfumo wa FinCEN, kitengo cha Wizara ya Fedha ya Marekani kinachofuatilia uhalifu wa kifedha. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na ritani safi kabisa huku FBAR haijawahi kwenda hata moja. Muulize mshauri: FBAR imo ndani ya bei yako? Na Fomu 8938, ile ya kutaja mali za kifedha zilizo nje inayokwenda pamoja na ritani, je? Hizo ni mbili tofauti, moja haiondoi nyingine.

Mwana Daftari
Tusimezwe na Bittner, turudi kwenye namna ya kumpima mtu. Mimi ningempima kwa swali hili: nitumie Fomu 2555 au Fomu 1116? Ya kwanza inayaondoa kwenye kodi mapato ya kazi uliyoyapata nje, hadi dola 130,000 kwa mwaka wa 2025. Ya pili inakupa nafuu kwa kodi uliyolipa nchi unayoishi. Asiyejua atasema 2555 haraka, kwa kuwa ni nyepesi. Anayejua atauliza kwanza unalipa kodi kiasi gani huko. Ukiishi nchi yenye kodi kubwa, 1116 mara nyingi inafuta deni lote na inakuachia ziada ya kutumia miaka ijayo. Na ukishachagua 2555 kisha ukaifuta, huruhusiwi kuirudia kwa miaka mitano bila ridhaa ya IRS. Uamuzi wa mwaka mmoja unakufunga mingi.

Swali la pili: mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya nchi unayoishi. Kwa Marekani mingi ya mifuko hiyo ni PFIC, yaani kampuni ya nje ya uwekezaji tu, kila mfuko una Fomu 8621 yake, na kodi yake ya kawaida ni kali, kiwango cha juu kabisa pamoja na riba ya miaka ya nyuma. Mshauri asiyeuliza kuhusu mifuko hiyo kabla hujainunua, hatakusaidia utakapoiuza.

Wa kujiajiri: 2555 haiondoi ile 15.3% ya hifadhi ya jamii. Inayoiondoa ni mkataba wa hifadhi ya jamii kati ya nchi hizo mbili, ukiwepo, na cheti kutoka nchi unakochangia.

Risiti Zote
Na aliyechelewa miaka mingi? Wengine hushauri apeleke ya mwaka huu kimyakimya, ya nyuma yasahauliwe.

Bi Karani
Asithubutu. Kwa ambaye hakukusudia kuna utaratibu maalumu wa walio nje: ritani za miaka 3, FBAR za miaka 6, na Fomu 14653 anayoeleza kwa maneno yake kwa nini alichelewa. Sharti awe alikaa nje ya Marekani siku kamili 330 au zaidi katika angalau mwaka mmoja kati ya hiyo mitatu, bila makao kule. Kodi na riba analipa, faini haipo. Ila IRS wakianza kumkagua mlango umefungwa. Yale maelezo kwenye 14653 yasiwe ya kunakili. Na kama kuna dalili yoyote ya kukusudia, aanze na wakili, si mhasibu, kwa sababu ya usiri.

Kofia Mbili
Jingine linaloharibu kazi nzuri ni kalenda. Mwaka wa kodi wa Uingereza unaanza 6 Aprili, wa Australia 1 Julai, wa Marekani na Ujerumani Januari. Mapato yale yale yanaangukia miaka miwili tofauti, na nafuu ya kodi inakosa pa kushika. Ukiwa na washauri wawili, wape ruhusa ya maandishi wawasiliane. Nchi yenye haki ya kwanza ya kutoza imalize hesabu zake, ndipo ya pili idai nafuu.

Na asiye mkazi Uingereza anahitaji kurasa za SA109, ambazo mfumo wa bure wa HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, hauzipokei. Unatumia programu ya kununua, au karatasi. Mwisho wa karatasi ni 31 Oktoba, si 31 Januari.

Mpita Njia
Hilo la SA109 kweli silijui. Asante. Bei je? Nasikia bora anayechukua asilimia ya marejesho, hulipi kama hujapata.

Tarakimu
Mkimbie huyo. Anayelipwa kwa ukubwa wa marejesho ana sababu ya kuyavimbisha, na sahihi iliyo chini ni yako. Taka bei kwa kila fomu, iandikwe kwenye barua ya makubaliano: nchi zipi, miaka ipi, FBAR ngapi, na barua ya IRS ikija baadaye nani anaijibu na kwa malipo gani. Kataa pia anayekuandalia ritani asitie sahihi yake wala PTIN, na anayetaka marejesho yapitie akaunti yake.

Risiti Zote
Ruhusa ya kuzungumza na IRS je, atiliwe sahihi ipi?

Tarakimu
Akihitaji kuona rekodi tu, Fomu 8821 inatosha. Akihitaji kukuwakilisha, 2848. Zote mbili andika aina ya kodi na miaka husika, usiache nafasi wazi kabla ya kutia sahihi.