Naomba ushauri: utafiti wa kompyuta darasani, Ukerewe

Habari zenu wakuu. Naandaa utafiti wa uzamili kuhusu kufundisha Fizikia kwa kompyuta, kidato cha pili, shule moja ya kata huku Ukerewe. Intaneti ni ya kubahatisha, hivyo nitatumia Kolibri, programu ya kujifunzia kwa kompyuta. Masomo yakishapakuliwa yanafunguka bila mtandao.

Kinachoniumiza kichwa ni kulinganisha. Mkondo A watumie kompyuta, mkondo B ubao, wote wapewe mtihani kabla na baada. Lakini walimu wao ni tofauti, na mmoja anafundisha vizuri mno! Nitajuaje kilichopandisha alama ni kompyuta, si mwalimu? Halafu mkondo B nao ni watoto wetu, kuwanyima kunaniuma. Je, wabadilishane katikati ya muhula? Waliowahi kufanya utafiti wa namna hii naombeni mwongozo.