Maana za neno "suppose" katika Kiingereza

Mwanafunzi, Chake Chake: Assalaam alaykum. Nimezoea kulifahamu neno "suppose" kuwa ni kudhani, lakini katika zoezi la darasani nimekuta "Passengers are supposed to show their tickets", na maana hiyo haikai kabisa. Naomba ufafanuzi.

Maalim, Wete: Waalaykum salaam, mwanangu. Katika "I suppose he is ill" ni kudhani tu. Lakini likija kwa umbo la "be supposed to" huwa ni kutakiwa au kutarajiwa, na ukilitia "not" mara nyingi huwa katazo, kwa hivyo anayekwambia "You are not supposed to smoke here" anakukataza kuvuta sigara. Tafadhali usiiache ile "d" ya mwisho, ambayo wengi huisahau kwa kuwa katika matamshi haisikiki.

Msomaji, Unguja: Ahsante, maalim. Naongeza kwamba "Suppose the boat is late" ni kusema "tuseme boti imechelewa", nayo haidai kuwa imechelewa kweli. Ama "The soup is supposed to be good" haina amri yoyote. Ni sifa iliyosikika kwa watu, yaani "inasemekana".

Mwanafunzi, Chake Chake: Nimefahamu, nashukuruni sana.