Utafiti wa ujumuishi na chuo cha nje: dodoso limekuja limeshapikwa, nifanyeje?

Dodoso_Kichwani

Habari zenu wadau, naomba mawazo maana nimekwama. Mimi ni msaidizi wa utafiti kwenye mradi wa vyuo viwili, chetu na kimoja cha nchi tajiri ambacho ndicho kilichoomba hela kwa wafadhili. Tunaangalia ujumuishi wa wanafunzi wenye ulemavu vyuo vikuu katika nchi inayoendelea. Andiko ukilisoma ni tamu, kila ukurasa "ushirikishwaji", ila kuingia kazini ndo nikakuta mengine. Dodoso limetoka kule limeshapikwa, sisi kazi yetu kutafsiri na kuzunguka nalo. Swali la kwanza kabisa: "Je, wewe ni mtu mwenye ulemavu? Ndiyo / Hapana". Tumelijaribu kwa darasa zima, waliosema ndiyo ni wawili. Na humo humo kuna kijana nilimsomea dodoso lote mwenyewe kwa sababu karatasi aliisogeza mpaka inagusa pua na bado herufi hazioni, lakini swali la kwanza kajibu Hapana, kwa hiyo kwenye hesabu zetu huyo ni mzima kabisa.

Halafu bajeti. Tiketi za ndege zipo, warsha ya uzinduzi ipo, laptopu zipo, mkalimani wa lugha ya alama hayupo. Nikauliza nikaambiwa tutaona huko mbele. Chama cha watu wenye ulemavu kimeandikwa kama mshirika, lakini mwenyekiti wao kaniambia kwa mdomo wake kwamba mara ya mwisho kuitwa ilikuwa siku ya kusaini barua ya kuunga mkono na kupiga picha.

Kibali cha kamati ya maadili kimeshatoka na mimi ndo mdogo kuliko wote humu ndani. Hili nalisemaje bila kuonekana mkorofi, na lile swali la kwanza kitaalamu linarekebishwaje?

Mzee_wa_Jedwali

Pole mdogo wangu, hilo swali la ndiyo/hapana limeharibu data za watu tangu zamani. Neno "ulemavu" lina aibu ndani yake, na pia mtu anajilinganisha na yule anayemuona ana hali mbaya zaidi, anasema mimi si mlemavu, mimi macho tu. Tumieni maswali mafupi ya Washington Group, kundi lililoanzishwa 2001 chini ya kamisheni ya takwimu ya Umoja wa Mataifa. Yako sita tu: kuona, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kuwa makini, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuwasiliana. Huulizi "una ulemavu", unauliza "je, unapata ugumu kuona, hata ukivaa miwani?" na majibu ni manne: sipati ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, siwezi kabisa. Kwa kawaida anayejibu ugumu mkubwa au siwezi kabisa hata kwenye swali moja ndo anahesabiwa. Yule kijana wa karatasi puani ungempata hapo hapo. Na kwenye utangulizi wa dodoso msiweke neno ulemavu, mkiliweka mmeshawaharibia watu majibu kabla hawajaanza.

Tahadhari mbili. Yale sita hayashiki vizuri mambo ya wasiwasi na sonona, kwa wanafunzi wa chuo hilo ni pengo kubwa, ongezeni maswali ya seti ndefu ya kundi hilo hilo. Pili msishtuke mkipata wachache. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2022 inasema watu wenye ulemavu ni kama bilioni 1.3, mtu 1 kati ya 6, lakini hapo wamo wazee, wakati nyie mnahesabu vijana tena waliofaulu kufika chuo. Wengi wameshachujwa shule ya msingi huko, darasa liko ghorofani, mwalimu hajui lugha ya alama, mzazi kakata tamaa. Mimi ningekuwa nyie ningeuliza pia hao walioishia njiani wako wapi, maana dodoso la chuoni haliwezi kuwaona hata likiwa zuri vipi.

Kuhusu kibali usiogope, mnaomba marekebisho ya itifaki, yaani ule mpango wa utafiti uliopewa kibali, ni barua na dodoso jipya. Ila msiende uwandani na maswali mapya kabla hayajapita.

Nundu6

Nimesoma hii nikacheka kwa uchungu. Mimi sioni, ni mwanafunzi wa uzamili, na niliwahi kuitwa kwenye utafiti wa aina hii hii. Wakanitumia fomu ya ridhaa kwa barua pepe, nikafungua, kisoma skrini, ile programu inayonisomea maandishi kwa sauti, kikasema "picha" kikanyamaza. Walikuwa wameskani karatasi! Nikawaandikia, wakajibu usijali utasomewa ukifika. Nimefika kweli nikasomewa, haraka haraka, halafu dada mmoja akanishika dole gumba anapeleka kwenye wino. Dada, mimi nina saini, nina na digrii.

Hoja ya kumpelekea bosi wako hii hapa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ulipitishwa Desemba 2006 na kuanza kufanya kazi Mei 2008. Ibara ya 4 inataka watu wenye ulemavu washirikishwe kwenye maamuzi yanayowahusu kupitia vyama vyao, ya 31 inazungumzia data na takwimu, na ya 32 ushirikiano wa kimataifa, utafiti umetajwa humo humo. Nchi karibu zote zimeridhia kwa hiyo si hisani unaomba. (Kama wenzenu ni wa Marekani hoja hii iguse kidogo kidogo, wao walisaini 2009 lakini Seneti yao mpaka leo haijaridhia.)

Halafu ushirikishwaji sio kutuhoji. Tuajirini. Kwenye timu yenu ya wakusanya data kuna mwenye ulemavu hata mmoja anayelipwa sawa na wewe?

Dodoso_Kichwani

Hakuna. Hata sikuwahi kujiuliza.

Mikono_Inasema

Mimi ni mkalimani wa alama. Naomba msifanye kile nilichokiona kwenye kikao kimoja, binti kiziwi kaletwa na kaka yake ndo awe mkalimani, mtafiti kauliza chuo kinakutendeaje, binti karusha mikono kama dakika mbili, uso umekunjamana, machozi yanalenga. Kaka mtu kageuka, "anasema wanajitahidi." Mtafiti kaandika wanajitahidi.

Kwa majadiliano ya kikundi mnahitaji wakalimani wawili sio mmoja, tunapokezana kila dakika ishirini au thelathini hivi, baada ya hapo kichwa kinachoka na makosa yanaanza. Msitukalishe na dirisha mgongoni, uso unakuwa giza. Ridhaa irekodini kwa video ya alama. Na maswali tupeni wiki moja kabla tukae na viziwi wenyewe tukubaliane alama, neno lenyewe "ujumuishi" sehemu nyingi halina alama moja, kila mtu ataonyesha lake. Ukimpata kiziwi mwenye uzoefu aongoze mjadala yeye, ni bora kuliko mimi.

Kiti_cha_Nyuma

Mimi nitawatetea wa nje kidogo, mnisamehe. Nimesimamia miradi hii miaka mingi. Wito wa maandiko unatoka na muda mfupi, wenzenu wanaandika usiku kucha, wanatuma kwetu siku mbili kabla ya kufunga, na sisi tunasaini bila kufungua ukurasa wa bajeti. Hiyo ni aibu yetu, sio yao. Kwa hiyo usiende kulalamika, nenda na hesabu. Andika wakalimani wawili siku kadhaa, nukta nundu (maandishi ya wasioona), nauli ya msindikizaji, uhariri wa fomu, toa jumla, halafu onyesha inatoka wapi. Wafadhili wengi wanaruhusu kuhamisha sehemu ya fedha kutoka fungu moja kwenda lingine kwa barua, na hiyo warsha ya uzinduzi naiona imenona. Mpe supavaiza wako wa hapa aiwasilishe yeye kama wazo lake, utaona itakavyopita.

Na kabla data haijakusanywa mwandikiane nani anakuwa mwandishi kwenye makala na data inakaa seva ya nani. Ukisubiri makala iandikwe utajikuta kwenye aya ya shukrani.

Dodoso_Kichwani

Asanteni sana. Nimekaa na supavaiza leo, maswali sita kayakubali palepale, bajeti kaguna lakini kasema nimletee hesabu Jumatatu. Chama nimewapigia, wameomba wawe na watu wawili kwenye timu kwa malipo, na dodoso walione kabla halijarudi kamati ya maadili. Nundu6, naomba na wewe nikutumie ulipitie kabla sijawapelekea?

Nundu6

Tuma. Ila kwa Word, usiniskanie.